Mashine chakavu za Moshi na kazi ya kuijenga Linux

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa kompyuta hapa Moshi wamepata somo jipya la kuwaeleza wateja. Mtu analeta laptopu aliyoinunua mtumba, Intel ya kizazi cha nne au cha sita, bado nzima, anataka apigiwe window mpya. Fundi anamwambia ukweli: Windows 11 rasmi inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Zipo mbinu za kuizunguka sheria hiyo, na sijui fundi asiyezijua. Lakini siku hizi utasikia pia pendekezo ambalo zamani lilikuwa la wanafunzi wa kompyuta peke yao: nikuwekee Ubuntu? Nikuwekee Mint?

Linux, mfumo endeshi ambao Ubuntu na Mint ni matawi yake, ikishaingia mtaani kwa njia hiyo, haikawii kuzaa swali la pili. Kijana anayesoma TEHAMA Moshi au Arusha anagundua kwamba mfumo endeshi anaoutumia hauna mwenye mali mmoja, kwamba msimbo wake wote uko wazi, na kwamba kuna watu, wengine wa rika lake, wanaoubadilisha kila siku. Anataka awe mmoja wao, anauliza aanzie wapi. Jibu analopewa karibu kila mahali ni moja: jifunze lugha ya C, jifunze git (programu ya kutunza historia ya msimbo), halafu tafuta kazi ndogondogo zilizowekewa alama ya wanaoanza.

Mimi nasema jibu hilo linampoteza. Linawapoteza wengi duniani, na kijana wa Moshi linampoteza zaidi, maana linamfanya aache alichonacho mkononi akakimbilie kitu ambacho kila mtu anakigombania.

Tuzitazame hizo kazi zenye alama. Ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, kuna folda iitwayo staging. Humo huwekwa draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, ambazo hazijakomaa, na kwa miaka mingi wanaoanza wameelekezwa huko wakajifunzie. Kuna programu ndogo, checkpatch, inayopita kwenye msimbo na kulalamika: hapa nafasi imezidi, hapa mstari ni mrefu, hapa mabano yamekaa vibaya. Mgeni anachukua lalamiko moja, analirekebisha, anatuma kiraka, yaani faili dogo lenye badiliko lake. Anajifunza namna ya kutuma kiraka, na hilo lina maana yake. Ila draiva yenyewe hajui inafanya nini, kifaa chake hana, na akiivunja hatajua kama ameivunja. Nafasi na mabano yakiisha, hana sababu ya kubaki. Vijana wa namna hiyo ninawajua. Wana kiraka kimoja, wana picha yake kwenye simu, na hawakurudi tena.

Wakongwe wa mifumo hii hawakuingia kwa mlango huo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye kompyuta mpya ya 386, asiyeridhika na mfumo aliokuwa nao wa kuiendesha. Ian Murdock alianzisha Debian Agosti 1993 baada ya kuchoshwa na kasoro za SLS, mkusanyiko wa Linux aliokuwa anautumia. Kila mmoja alianza na kero yake, kwenye mashine yake, na hakuna aliyempangia kazi.

Tangu hapo kilichoongezeka ni ukubwa. Kerneli sasa ina mistari zaidi ya milioni 30. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Hakuna mtu anayeijua yote, Torvalds akiwemo. Kwa hiyo anayekuja na swali la jumla, nisaidie wapi, hana wa kumjibu. Anayekuja na taarifa kwamba laptopu ya aina fulani inatoa sauti kwenye hedifoni lakini haitoi kwenye spika, na kwamba katika toleo lililopita ilikuwa inatoa, huyo yuko mtu mwenye jina na anwani ambaye kazi yake ni kumsikiliza.

Hapo ndipo Moshi ina mtaji isioujua.

Sehemu kubwa ya mabadiliko ya kerneli hufanywa na waajiriwa wa kampuni: Intel, AMD, Google, Red Hat na nyingine. Hao huujaribu msimbo juu ya mashine ambazo kampuni zao zinauza au zinatumia, yaani seva kubwa na laptopu mpya. Hakuna anayelipwa kuangalia kama toleo la mwezi huu linaamka vizuri kutoka usingizini katika laptopu ya mwaka 2013 iliyobadilishiwa betri kwa betri isiyo yake, inayotumika Pasua kwenye nyumba ambayo umeme hupungua nguvu kila jioni. Kasoro ikitokea huko inabaki hukohuko, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Hata mashine zinapoachwa kabisa, hadithi ni hiyohiyo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha prosesa za biti 32 za aina ya Intel na AMD. Aina ya kompyuta ikikosa watu wa kuijaribu na kuitunza, mwisho wake unajulikana. Mashine hizo sisi bado tunazo, stoo na kwenye madarasa ya kompyuta ya shule, na sidhani kama sauti yetu ilisikika.

Chukua modemu za USB za mitandao ya simu. Wengi wamehamia kwenye hotspoti ya simu, lakini modemu bado zimejaa kwenye droo za ofisi na maduka ya steshenari. Nyingi kati ya zile za zamani, ukizichomeka mara ya kwanza, hujifanya CD, na ndani ya hiyo CD ya uongo mna programu ya Windows. Kuna programu huria iitwayo usb_modeswitch ambayo kazi yake ni kuiambia modemu iache mzaha iwe modemu. Ikishageuka, kerneli inaangalia namba zake mbili za utambulisho, ya mtengenezaji na ya kifaa. Amri ya lsusb itakuonyesha zote: Huawei ni 12d1, ZTE ni 19d2, kisha inafuata namba ya kifaa chenyewe. Kama namba hiyo haimo kwenye orodha ya draiva iitwayo option, kerneli itaitazama modemu na isijue la kufanya nayo.

Kiraka kinachotakiwa, mara nyingi, ni mstari mmoja wa kuziongeza namba hizo kwenye orodha. Na kabla hujaandika mstari wowote unaweza kujaribu: unaziandika namba kwenye faili la new_id la draiva hiyo ndani ya /sys, na modemu ikiamka umeshathibitisha. Faili la option limerefuka mwaka hadi mwaka kwa viraka vya aina hiyo, na moduli za 4G na 5G zinaendelea kuongezwa humo. Anayefanya zoezi hili mara moja, kwa modemu aliyoitoa droo ya mjomba wake, ameelewa jinsi Linux inavyokitambua kifaa kuliko aliyemaliza kozi ya wiki nane. Sauti za laptopu nazo zina jedwali lao refu la marekebisho, modeli kwa modeli, kwa vile kila mtengenezaji huunganisha spika na maikrofoni kwa mtindo anaoupenda yeye.

Lakini mchango ninaouheshimu kuliko yote hauhitaji hata herufi moja ya C.

Kuna sheria moja ya kerneli ambayo Torvalds haitanii: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe. Kama waifai yako ilikuwa inashika katika toleo la zamani na katika jipya haishiki, kosa ni la kerneli, hata kama badiliko lililoivunja lilikuwa na manufaa kwa watu wengine wote. Tatizo ni kwamba aliyeivunja hajui. Kati ya toleo hili na lile kuna mabadiliko, tuseme, 14,000. Lipi?

Amri ya git bisect hulitafuta kwa kugawanya nusu kwa nusu. Unaiambia toleo lililokuwa zima na toleo lililo bovu, inakupa la katikati. Unalijenga, yaani unaugeuza msimbo kuwa kerneli inayoweza kuwashwa, unawasha mashine upya, unajaribu waifai. Inashika? Nusu ya mwanzo inatupwa. Haishiki? Inatupwa nusu ya mwisho. Mabadiliko 14,000 yanaisha kwa hatua 14 hivi, na mwishoni linabaki moja, lenye jina la aliyeliandika, tarehe, na maelezo ya alichokuwa anakusudia. Ripoti yenye jibu hilo ni vigumu sana kuipuuza. Mhandisi mwenye mshahara mnono wa kampuni kubwa hawezi kukufanyia kazi hiyo, kwa sababu hana laptopu yako. Kwa siku hizo mbili tatu za kujenga na kuwasha, wewe wa Majengo au Soweto ndiye mtu pekee duniani mwenye uwezo wa kujibu swali hilo, na bado tunawaambia vijana wakarekebishe mabano.

Sitasema ni rahisi. Historia nzima ya kerneli kwa git ni GB kadhaa, na kwa bando la mchana hiyo ni hela ya chakula. Wenye busara huvuta usiku, au kwenye mtandao wa chuo, mmoja anavuta na wengine wanakopi kwa flashi. Git haijali kama inanakili kutoka seva ya Marekani au flashi ya jirani. Anayetaka tu kuuona msimbo wa toleo moja bila historia atapata faili lililobanwa la MB 140 hivi. Kisha kuna kuijenga. Kerneli kamili kwenye prosesa ya miaka kumi iliyopita inaweza kula usiku mzima, ila ipo amri ya make localmodconfig inayoangalia moduli, yaani vipande vya kerneli, zinazotumika kwenye mashine yako wakati huo na kuziacha nyingine zote. Mzigo unapungua sana. Chomeka kwanza vifaa vyako vyote kabla ya kuipiga, la sivyo utajenga kerneli isiyoijua modemu ileile unayoitafutia dawa. Umeme ukikatika katikati, make kwa kawaida huendelea pale ilipoishia, na git hukumbuka hatua za bisect ulizokwisha kupita.

Asiyetaka kabisa kuigusa kerneli naye hajakosa pa kuanzia. Debian wana kifurushi chenye jina refu la how-can-i-help. Ukishakiweka, kila unapoweka programu kwa apt, chombo cha Debian cha kuweka programu, kinakuambia ni zipi kati ya zile zilizomo tayari kwenye mashine yako zimekosa mtunzaji au zinaomba msaada. Nakipenda kwa sababu hakikuulizi una ndoto gani. Kinakuonyesha kitu unachokiegemea ambacho kimeanza kuyumba. Ukikuta programu unayoifungua kila siku ni yatima, kazi umeipata.

Nimesisitiza sana mtu abaki na kitu chake, na sababu ni kwamba katika jumuiya hizi mgeni hupimwa kwanza kama anaaminika. Ujuzi wake unatazamwa baadaye. Mwaka 2021 ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walituma kwenye kerneli viraka vyenye kasoro za makusudi ili waone kama vitapita. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, alikifungia chuo kizima kutuma michango, na viraka vya nyuma vya watu wake vikaanza kupitiwa upya. Watafiti wakaomba radhi.

Miaka mitatu baadaye yakaja makubwa zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kusaidia xz, mradi mdogo wa kubana mafaili unaotumika karibu kila Linux, uliokuwa ukitunzwa kwa hiari na mtu mmoja aliyekwisha kuchoka, Lasse Collin. Alisaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili, akapewa madaraka, na Februari 2024 akapenyeza mlango wa siri ndani ya toleo la 5.6.0, shabaha ikiwa ni kuingia kwenye seva za watu kupitia SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Aliyeugundua hakuwa mtaalamu wa kuwinda wadukuzi. Andres Freund ni mhandisi wa hifadhidata. Alishangaa tu kwa nini kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio ya Debian kunachelewa nusu sekunde hivi. Akaifuata hiyo nusu sekunde mpaka ilikotoka, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia.

Mkasa ule ulichukuliwa na wengi kama onyo juu ya wageni. Ni kweli, tangu siku hiyo mgeni anatazamwa mara mbili. Mimi huutazama kwa upande wa Freund: mtu aliyesumbuliwa na kitu kidogo kwenye mashine yake mwenyewe, akakataa kukiacha.

Huku Uchaggani jambo hili halipaswi kutushangaza. Mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya Kilimanjaro mpaka migombani, kwa karne nyingi imetunzwa na wanaoitumia. Siku ya kusafisha ikitangazwa kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea hutozwa faini au hukosa zamu yake ya maji. Aliyehamia juzi hakabidhiwi banio la juu. Anaanza kwa kuzoa tope kwenye kipande kinachopita kwake, na wenzake wanamtazama anavyozoa. Ripoti ya hitilafu iliyoandikwa vizuri ni kuzoa tope. Jia Tan naye alizoa tope, atasema mtu. Alizoa, ndiyo, na aliyemnasa ni mwenzake wa chini aliyeona maji yanachelewa kufika.

Kinachowashtua vijana wetu kuliko hata C ni namna watu hao wanavyoandikiana. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo huanza barua kwa salamu, tukaulizia hali, tukaomba radhi kwa usumbufu, ndipo tukalikaribia jambo kwa mbali. Barua pepe ya kiraka haina hayo. Ina kichwa cha maneno machache, sababu, msimbo, na mstari wa sahihi unaothibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Hutumwa kwa maandishi matupu; ukiituma kutoka programu ya kawaida ya simu, yenye mapambo ya HTML, seva itaikataa kabla binadamu hajaiona. Majibu nayo ni makavu: haifai, kwa sababu hii na hii. Zamani yaliweza kuwa matusi kweli. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa ukali wake, akapumzika kwa muda, na kerneli ikapata kanuni za maadili. Matusi yalipungua, ukavu ukabaki, nami siulaumu, kwa kuwa anayesoma ana viraka vingine mamia vinavyomsubiri. Kijana aliyejibiwa hivyo akanyamaza amepoteza kazi yake bure. Aliyerudi na toleo la pili, akaeleza alichobadilisha baada ya maoni, ameshaanza kujulikana. Ukikosa jibu kabisa subiri wiki moja au mbili, kisha kumbusha kwa mstari mmoja. Kiingereza cha kuungaunga hakina neno. Wengi wa wanaosoma nao walijifunza darasani kama wewe.

Ipo njia ya mkato inayovuma sasa: kuiachia akili unde iandike ripoti na kiraka. Ningemshauri kijana aiepuke. Gentoo, mkusanyiko mwingine wa Linux, waliipiga marufuku Aprili 2024, na mwezi uliofuata NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, wakauhesabu msimbo wa aina hiyo kuwa na walakini, usiingizwe bila idhini ya maandishi ya wakuu. Kwingine milango iko wazi zaidi, ila wasimamizi wamechoshwa na ripoti ndefu, fasaha, za hitilafu ambazo hazipo. Mwenye laptopu inayokataa kuamka hana haja ya ufasaha huo. Aeleze mashine ni ipi, kerneli ni ipi, alifanya nini, ikatokea nini, na abandike alichokiona kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli.

Na tafsiri je? Ndiyo kazi ambayo wageni hutupendekezea kwanza sisi Waswahili. Sijaipinga, ila sidhani kama ni ya wanaoanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ya Kiswahili iliyoitwa Jambo, kazi kubwa ya kujivunia mpaka leo. Lakini programu haiachi kukua. GNOME, kwa mfano, ile sura ya madirisha na menyu ya Linux nyingi, hutoa toleo kila miezi sita, na kila toleo huja na maneno mapya, hivyo tafsiri isiyo na watu wa kudumu huanza kutoboka siku ya uzinduzi. Anayeitaka njia hiyo achague programu anayoitumia kila asubuhi, aijue kwanza, kisha akubali kwamba atakuwa nayo miaka.

Tusilikwepe suala la hela. Mchango wa kwanza haulipi, na wa pili pia. Outreachy, mpango wa mafunzo kazini katika miradi huria, hulipa dola 7,000 kwa mafunzo ya miezi mitatu, ila humtaka mwombaji awe ametoa michango kwanza katika kipindi cha kuomba. Anayeingia akiwa na hitilafu aliyoifuatilia mwenyewe ana la kuonyesha. Uanachama kamili wa Debian, ambao wenyewe ni heshima bila mshahara, kwa desturi hudai ufunguo wako wa OpenPGP, yaani sahihi yako ya kidijitali, usainiwe na wanachama waliokutana nawe ana kwa ana na kuona kitambulisho chako. Kwa mtu wa Berlin hilo ni kikombe cha kahawa. Kwa mtu wa Moshi ni nauli ya ndege. Ingawa, kwa wingi wa wageni wanaopita hapa kwenda lango la Marangu na Machame, sitashangaa kama kila msimu yumo mwanachama wa Debian anayehema njiani kuelekea Uhuru na hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba sahihi.

Wenye uwezo wa kulibadilisha hili haraka ni vyuo. Katika barabara hii ya kilomita 80 hivi kati ya Moshi na Arusha tuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, tuna Chuo cha Ufundi Arusha, tuna Chuo cha Uhasibu kule Njiro. Nchini kwetu mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa kompyuta umezoeleka kuwa mfumo wa kusimamia maktaba, hosteli au duka la dawa, unaoishi mpaka siku ya kuutetea mbele ya jopo na kufa jioni yake. Pendekezo langu ni kwamba hitilafu moja ya mfumo huria, ikifuatiliwa tangu inapoonekana mpaka inapopatiwa jibu, ihesabiwe kuwa mradi kamili. Chuo kitenge rafu ya laptopu chakavu, zile ambazo sasa zinaoza stoo zikisubiri kamati ya kufuta mali, na kila mwanafunzi akabidhiwe moja ya kuitunza kwa matoleo yote yatakayotoka mwaka huo.

Najua pingamizi litakalokuja: wasimamizi wa kerneli hawafuati kalenda ya muhula, na kiraka kinaweza kukataliwa wiki moja kabla ya mtihani. Basi asiulizwe kama kiraka kilikubaliwa. Apimwe kwa ripoti aliyoandika, kumbukumbu ya bisect yake, maswali aliyoulizwa na alivyoyajibu. Na hata mwingine akiandika kiraka, Linux ina utaratibu wa kumtaja aliyeripoti hitilafu kwa mstari wa Reported-by, na aliyejaribu dawa yake kwa mstari wa Tested-by. Mistari hiyo huingia kwenye historia ya kerneli pamoja na badiliko lenyewe. Mtahini mwenye shaka hana haja ya kumsumbua mwanafunzi kwa maswali: afungue historia hiyo, iko wazi kwa yeyote, aandike jina la mwanafunzi na kubonyeza.